Meno yameondoka kwa ugonjwa wa fizi: vipandikizi, daraja au meno ya kuvaa?

Aliyeng'oka jino kwa kuanguka na aliyelipoteza kwa ugonjwa wa fizi wote wana pengo, lakini mapengo hayo si mamoja. Wa kwanza mfupa wake upo na fizi zake ni nzima. Wa pili mfupa ndio uliotangulia kuondoka, polepole, kwa miaka, mara nyingi bila maumivu, na jino likafuata. Meno yaliyobaki nayo huwa yamepungukiwa mfupa, na bakteria waliosababisha yote hayo wangali kinywani.

Ndiyo maana ulinganisho wa kawaida, ule wa kutazama kipi kinapendeza na kipi kinadumu, humpoteza mtu wa aina hii. Ninachokilinganisha hapa ni jinsi kila njia ya kuziba pengo, yaani vipandikizi (skrubu zinazochomekwa kwenye mfupa wa taya), daraja (jino la bandia lililoungwa na meno jirani) au meno ya kuvaa na kuvua, inavyoishi ndani ya kinywa ambacho tayari kimeonyesha udhaifu wake.

Kwanza, ugonjwa umetulia?

Hakuna njia kati ya hizi inayotibu fizi. Matibabu hutangulia: ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye meno, unatolewa juu na chini ya ufizi, wewe unafundishwa upya kusafisha, na baada ya miezi miwili au mitatu fizi zako zinapimwa tena. Katika kupima, daktari hupitisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita sehemu sita kuzunguka kila jino, huku msaidizi akiandika namba. Milimita 1 hadi 3 ni hali ya kawaida. Mfuko, yaani nafasi kati ya jino na ufizi, wa milimita 6 na zaidi, hasa unaotoa damu au usaha ukiguswa, maana yake kazi haijaisha.

Omba karatasi ya vipimo hivyo, ya kabla na ya baada. Meno yaliyokuwa yakicheza wakati fizi zimevimba huweza kukaza kiasi uvimbe ukiisha, na jino lililohukumiwa kung'olewa siku ya kwanza linaweza kuonekana tofauti miezi mitatu baadaye. Anayekupangia vipandikizi bila kuzigusa fizi kwanza anaanzia mwisho.

Vigezo vitano

Nimevipanga kwa uzito ninaoupa mimi. Mwingine ataanza na bei, naye ana sababu zake.

Cha kwanza ni fizi na mfupa: njia hii inahitaji mfupa kiasi gani, na inayafanyia nini meno yaliyobaki? Cha pili ni usafi wa kila siku, maana usichoweza kukisafisha hutadumu nacho. Cha tatu ni kutafuna na mwonekano. Cha nne ni muda na fedha, pamoja na fedha za miaka ijayo ambazo aghalabu hazimo kwenye makadirio ya kwanza. Cha tano watu hukisahau: kikiharibika, kinaharibikaje, na utabaki na nini?

Meno ya kuvaa na kuvua

*Fizi na mfupa.* Hayahitaji upasuaji wala mfupa mwingi, na hiyo ni nafuu kubwa kwa taya lililoliwa. Lakini hayauzuii mfupa kupungua. Jino likishang'olewa, upana wa mfupa pale unaweza kupungua kufikia nusu ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya kwanza. Meno yaliyokaa vizuri siku ya kwanza yatalegea, na itabidi yajazwe upande wa ndani ili yakae upya.

Kwa mwenye meno machache yaliyosalia, aina ya meno ya kuvaa ina maana kubwa. Sahani ya plastiki inayolalia ufizi peke yake huzama kidogo kidogo na kubana kingo za fizi za meno yaliyobaki, mahali palepale ugonjwa unapopenda kuanzia. Fremu ya chuma huegemea juu ya meno yenyewe na inaweza kuchongwa ikaacha kingo hizo wazi. Kulabu zake nazo zishike meno imara. Zikishika jino linalocheza zitalitikisa kila unapovaa na kuvua.

*Usafi.* Ni rahisi kuliko njia nyingine zote, kwa kuwa unakitoa kitu mkononi. Yasugue kwa mswaki na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno huyakwaruza, maji yanayochemka huyapinda. Usiku yalale ndani ya maji, si mdomoni: anayelala nayo hualika fangasi chini ya sahani, na kaakaa hubaki jekundu muda wote.

*Kutafuna na mwonekano.* Seti kamili ya juu hushikwa na mnyonyo wa kaakaa na watu wengi huizoea. Ya chini ndiyo mtihani, kwa sababu inakaa juu ya ukingo mwembamba wa mfupa na ulimi unaisukuma kila unapozungumza. Nguvu ya kutafuna hushuka sana ikilinganishwa na meno ya asili. Kwa mwonekano lakini yana faida ambayo haisemwi vya kutosha: plastiki ya waridi inajaza ufizi na mfupa uliopotea, hivyo mdomo na mashavu hurudi mahali pake.

*Muda na fedha.* Wiki chache, na bei ya chini kuliko zote. Meno ya plastiki yanaweza kuongezwa jino jingine endapo moja la asili litaondoka baadaye. Kwa mtu mwenye meno mawili matatu yenye mashaka, hilo peke yake linaweza kuamua.

*Yakiharibika.* Yanapelekwa maabara, yanaunganishwa. Umepoteza siku chache tu.

Daraja

Hapa meno mawili jirani na pengo yanachongwa, yanavikwa taji, yaani kofia ya bandia inayofunika jino, na jino la bandia linaning'inia katikati likiwa limeunganishwa nayo. Halitoki.

*Fizi na mfupa.* Swali lote liko kwa majirani. Je, wana mfupa wa kutosha kubeba mzigo wao na wa mwenzao aliyekwenda? Wengi hudhani aliyeugua fizi hafai kabisa kwa daraja, na sivyo. Nchini Uswidi, Sven Nyman na Jan Lindhe walichapisha mwaka 1979 matokeo ya wagonjwa waliokuwa na ugonjwa wa fizi uliofika mbali, wakatibiwa, wakawekewa madaraja juu ya meno yaliyopoteza sehemu kubwa ya mfupa wake, nayo yakasimama kwa miaka. Siri yao haikuwa ya ajabu: fizi zilitulizwa kwanza, na wagonjwa waliitwa mara kwa mara kusafishwa. Tena daraja refu hufunga pamoja meno yaliyokuwa yakicheza, na kila moja likapumzika kiasi.

Ubaya ni kuchonga. Jino likishachongwa halirudi, na kwa aliyeugua fizi mizizi mara nyingi iko wazi, kwa hiyo kuchonga hufika karibu zaidi na mshipa wa jino. Baadhi ya meno hayo hufa baadaye na kuhitaji kutibiwa mzizi.

Kwa jino moja la mbele kuna daraja la kubandika, lenye bawa dogo linalogundishwa nyuma ya jino jirani bila kuchonga au kwa kuchonga kidogo sana. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: jino lako mwenyewe likishang'olewa, daktari anaweza kukata mzizi, akalisafisha na kulibandika palepale pengoni kwa muda. Rangi inalingana, ni lako. Usilitupe kabla ya kuuliza.

*Usafi.* Wastani. Uzi wa kawaida haupiti kati ya meno yaliyounganishwa. Unahitaji uzi wenye ncha ngumu, au brashi ndogo za katikati ya meno zinazopita chini ya jino linaloning'inia. Asiyefanya hivyo kila siku atapata harufu kwanza, kisha kuoza pembezoni mwa taji.

*Kutafuna na mwonekano.* Linatafuna karibu na jino la asili, na wiki ya pili umelisahau. Ila pale ufizi ulipozama, jino la daraja huonekana refu, au kivuli cheusi kinabaki chini yake.

*Muda na fedha.* Wiki chache. Bei ya kati, ingawa daraja refu lenye meno mengi linaweza kukaribia gharama ya vipandikizi. Katika tafiti za watu kwa ujumla, karibu madaraja 9 kati ya 10 huwa bado yapo baada ya miaka 10.

*Likiharibika.* Nguzo moja ikishindwa, daraja zima linaanguka, na pengo la jino moja linageuka la meno mawili au matatu.

Vipandikizi

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayochomekwa kwenye mfupa wa taya, mfupa unaishika, kisha taji linafungwa juu yake. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi ndiye aliyegundua jinsi mfupa unavyoshikamana na titani, akamwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Mgonjwa huyo alifariki mwaka 2006 vipandikizi vyake vikiwa bado kinywani. Kwa watu kwa ujumla, takriban vipandikizi 95 kati ya 100 huwa vingalipo baada ya miaka 10.

Lakini kuwepo si kuwa na afya, na hapa nitakaa kidogo.

*Fizi na mfupa.* Jino la asili lina nyuzi zinazoingia mzizini kwa mkato na kuushika ufizi, kama uzio unaozuia bakteria kuteremka. Kuzunguka kipandikizi nyuzi hizo hulala sambamba na titani bila kuingia, kwa hiyo kizuizi ni dhaifu. Titani haiozi, ila ufizi unaoizunguka huvimba kama ufizi wa jino lolote. Uvimbe ukiwa wa ufizi tu, usafi unaurudisha nyuma. Ukifika mfupani, unakula kwa kasi kuliko kwenye jino, na kuutibu ni vigumu, pengine kwa upasuaji.

Aliyewahi kupata ugonjwa mkali wa fizi yuko hatarini zaidi kwa tatizo hili kuliko ambaye hakuwahi. Hatari hupanda zaidi akivuta sigara, kisukari chake kikiwa hakijadhibitiwa, au akiacha kwenda kusafishwa. Si kwamba haruhusiwi. Wengi waliotibiwa wanavyo, na vinadumu. Ila anaingia na deni.

Kuna jambo jingine linalowashangaza watu. Jino linaloumwa hukuonya kwa kucheza. Kipandikizi hakionyi, maana kimeshikwa na mfupa moja kwa moja: kinaweza kupoteza nusu ya mfupa wake na bado kikawa imara kabisa unapotafuna. Siku kinapocheza, kama si skrubu ya taji iliyolegea, basi mambo yamekwisha. Ndiyo sababu kupimwa kwa kijiti na eksirei kila mara ni sehemu ya kipandikizi chenyewe, si hiari.

Kuhusu wingi wa mfupa, ugonjwa huwa umeshauchukua. Huenda ukahitaji kupandikiziwa mfupa, na kwa magego ya juu kuinuliwa sakafu ya sainasi, uwazi wa hewa ulio juu ya magego hayo. Waliopigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, na wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, waseme mapema: taya linaweza kukataa kupona. Na wasiache dawa yoyote kwa uamuzi wao.

*Usafi.* Unategemea umbo la taji. Taji linalobenuka sana hufunika mahali pa kupitisha brashi, na hilo ni kosa la aliyelibuni, si lako. Uliza pia kama taji litafungwa kwa skrubu au litagundishwa kwa saruji ya meno. Saruji iliyobaki chini ya ufizi ni chanzo kinachojulikana cha uvimbe. Skrubu haina shida hiyo, na taji hufunguliwa likihitaji kukaguliwa.

*Kutafuna na mwonekano.* Kutafuna ni kuzuri sana, na meno jirani hayaguswi. Kwa mwonekano usiahidiwe makubwa. Picha za tabasamu kamilifu mara nyingi ni za watu ambao ufizi wao haukupotea. Kwako huenda meno yakawa marefu, yenye pembetatu nyeusi katikati, au yakaongezewa kauri ya waridi kuiga ufizi.

*Muda na fedha.* Nusu mwaka hadi mwaka, na zaidi mfupa ukipandikizwa: fizi zitulie, kidonda cha kung'oa kipone, skrubu ishikwe, ndipo taji. Katikati ya hayo huenda ukavaa meno ya kuvua, kwa hiyo asiyetaka kuyasikia kabisa ajiandae. Bei ya kuanzia ni ya juu, na juu yake kuna kusafishwa kila miezi mitatu hadi sita bila mwisho.

*Kikiharibika.* Skrubu ya taji iliyolegea hukazwa ndani ya dakika chache. Kipandikizi kilicholiwa mfupa ni habari nyingine: kinatolewa, na shimo linalobaki huwa kubwa kuliko mwanzo. Skrubu za watengenezaji tofauti haziingiliani, kwa hiyo dai kadi yenye jina la mtengenezaji, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Ukihama mji bila kadi hiyo, daktari mpya atakuwa anabahatisha bisibisi.

Mchanganyiko: meno ya kuvaa yanayoshikwa na vipandikizi

Vipandikizi viwili mbele ya taya la chini, vyenye vifungo, na seti ya meno inayobana juu yake kwa mlio mdogo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza njia hii iwe chaguo la kwanza kwa asiye na jino hata moja taya la chini, badala ya seti ya kawaida inayoelea.

Mfupa wa mbele chini huwa umebaki hata kwa walioumwa sana, kwa hiyo kupandikiza mfupa mara nyingi hakuhitajiki. Usafi ni rahisi: unavua meno, unasugua vifungo viwili vilivyo wazi mbele ya kioo. Kutafuna hubadilika sana ukilinganisha na seti ya chini iliyo huru. Gharama ni ya kati, ila vipete vya nailoni ndani ya vifungo huchakaa na kubadilishwa kila baada ya muda. Kipandikizi kimoja kikishindwa, seti yenyewe inaweza kuendelea kuvaliwa ikilegea wakati unatafuta suluhisho.

Safu nzima isiyotoka juu ya vipandikizi vinne au sita ni jambo tofauti. Inapendeza na inakupa uhakika, ila chini yake kuna nafasi nyembamba ya kusafisha kila siku, na hiyo inadai mikono na macho mazuri. Nina wasiwasi na ushauri wa kung'oa meno yote, hata yanayoweza kuokolewa, ili "kuumaliza ugonjwa" na kuweka safu hiyo. Ukiambiwa hivyo, chukua eksirei zako uende kwa bingwa wa fizi mwingine.

Na kuliacha pengo?

Linaruhusiwa. Mholanzi Arnd Käyser alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba watu wengi hutafuna vya kutosha wakiwa na jozi 10 za meno zinazokutana, yaani meno 20, hata kama magego ya nyuma hayapo. Aliyepoteza gego la mwisho na kubaki na mbele kuzima anaweza kuweka fedha yake kwenye kusafishwa fizi.

Kulingana na hali yako

Fizi bado zinatoa damu na mifuko ni mirefu: usichague cha kudumu. Vaa meno ya muda ya plastiki, endelea na matibabu, upimwe tena.

Meno yako machache yana mashaka na hujui yapi yatabaki: meno ya kuvaa yanayoweza kuongezwa yanakupa nafasi ya kusubiri. Daraja hapa ni kujenga juu ya nguzo usizozijua.

Pengo ni la jino moja au mawili, fizi zimetulia, na majirani tayari yana majazo makubwa au taji: daraja lina hoja nzuri, kwa kuwa kuchonga hakuharibu jino ambalo halijaguswa. Majirani yakiwa hayajaguswa na mfupa wa pengoni upo, hoja inahamia kwa kipandikizi.

Unavuta sigara na hujawa tayari kuacha, au sukari inapanda na kushuka: epuka vipandikizi kwa sasa. Mlango haufungwi. Sukari ikidhibitiwa na sigara ikiachwa, mazungumzo yanafunguliwa upya, ingawa mfupa utakuwa umepungua kiasi, jambo la kumuuliza daktari mapema.

Umekaa mwaka au zaidi fizi zikiwa tulivu, unahudhuria kusafishwa bila kukumbushwa, na brashi za katikati ya meno ni sehemu ya usiku wako: wewe ndiye ambaye vipandikizi vinaweza kumlipa. Kabla ya kukubali, uliza ni nani atakayekusafisha baada ya kazi kuisha, kila baada ya miezi mingapi na kwa bei gani, na uandikiwe kwenye mpango uleule wa matibabu.

Huna jino hata moja chini na seti inaelea: vipandikizi viwili na vifungo, kama afya inaruhusu upasuaji mdogo. Isiporuhusu, mwombe fundi akujazie seti upya upande wa ndani kabla ya kununua nyingine.

Mikono inatetemeka, macho yamepungua, au ni mtu mwingine anayemsafisha mzee kinywa: chagua kinachotoka. Mwangalizi atakisafisha mkononi, na ufizi utakuwa wazi mbele yake aufute kwa kitambaa chenye maji au mswaki laini.